Ua Mkubwa wa Saruji, Mfuko Mdogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanahusu jinsi ya kupendezesha kwa pesa kidogo ua wa nyumba uliofunikwa wote: zege la kumwaga, vibao vya saruji au vitofali vya kupanga. Ua wa namna hiyo hauna tope na ni rahisi kufagia, ila unachosha macho. Majibu yametoka kwenye ua niliohangaika nao mwenyewe, pamoja na makosa niliyoyafanya humo.

Ua ni mkubwa kiasi kwamba kila ninachoweka kinapotea. Nianzie wapi?

Anzia pale unapokaa, au pale jicho linapotua ukifungua mlango. Usizunguke ukuta mzima ukiweka chungu kimoja kila baada ya hatua tatu. Karibu kila mtu huanza hivyo, na mimi nilianza hivyo. Nilikuwa na vyungu 22, nikavipanga kando ya ukuta kama wanafunzi mstarini, nikarudi nyuma kutazama, na ua ukaonekana mtupu kuliko ulivyokuwa kabla. Kesho yake nikavikusanya vyote kwenye kona moja karibu na benchi, virefu nyuma, vifupi mbele, majani yakigusana. Sikununua kitu, lakini kona ile ikawa kijisitu.

Fanya hesabu kidogo. Ua wa mita 10 kwa 12 ni mita za mraba 120, na hakuna mfuko mdogo utakaouvalisha wote. Kona ya mita 3 kwa 3 ni mita za mraba 9 tu. Ukiwa umekaa ndani ya hizo 9, zile 111 zilizobaki hazikusumbui tena. Zinakuwa mahali pa watoto kukimbia na pa kuanika nguo. Ukimaliza kona ya kwanza na pesa ikapatikana tena, fanya ya pili.

Kabla hujanunua, chora kwa chaki kwenye sakafu mahali utakapoweka kila kitu, kisha simamisha maboksi matupu na ndoo zilizopinduliwa badala ya vyungu. Viache hapo siku tatu. Utajua mlango unagonga wapi, unajikwaa wapi, na wapi kunapigwa jua kutwa nzima. Piga picha asubuhi, saa sita na jioni. Picha hizo tatu zitakuokoa na kununua mmea wa kivuli ukauweka juani.

Je, ni lazima nivunje sakafu?

Hapana. Kuvunja zege kunakula pesa mara mbili: unalipa kulivunja, kisha unalipa kuondoa kifusi. Tena huenda mteremko wa sakafu hiyo ndio unaopeleka maji ya mvua mbali na msingi wa nyumba. Ukiuharibu, umejiletea tatizo lisilohusiana na maua.

Kuna kitu naweza kufanya leo bila kutumia pesa?

Kuondoa na kuosha. Toa kwanza vitu vyote vilivyoegeshwa "kwa muda": mbao, mabomba, kiti chenye miguu mitatu. Kisha chagua kibao kimoja cha sakafu na ukisugue peke yake kwa brashi ngumu, maji, sabuni ya unga na mchanga kidogo. Kiache kikauke. Sasa kilinganishe na cha pembeni yake. Mara nyingi utakuta kile ulichodhani ni rangi ya saruji ni uchafu wa miaka, na chini yake kuna rangi ya kijivu iliyotulia, au hata ya udongo.

Sakafu mpya ikitoa unga mweupe juu yake, hizo ni chumvi. Maji yanazibeba kutoka ndani ya saruji, yanakauka, yanaziacha juu. Zifagie zikiwa kavu, kwa sababu ukimwaga maji unaziyeyusha zikazama tena. Kwa kawaida hupungua zenyewe kadiri siku zinavyopita.

Vipi kuhusu tindikali, klorini au mashine ya maji ya presha?

Tindikali siipendi. Inaondoa uchafu kwa kula saruji yenyewe, kwa hiyo uso wa sakafu unabaki na vinyweleo vingi na mwakani unashika uchafu zaidi. Klorini iliyozimuliwa kwa maji inasaidia pale penye utelezi wa kijani, ila itumie mbali na mimea, suuza vizuri, na kamwe usiichanganye na tindikali, siki au sabuni yenye amonia. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu. Utelezi wenyewe utarudi tu kama mahali hapo hapaoni jua wala hapakauki, hivyo punguza matawi yanayopafunika au ziba bomba linalovuja.

Mashine ya presha inafanya kazi nzuri, lakini inachimba mchanga ulio kati ya vitofali, na mchanga huo ndio unaovibana visicheze. Elekeza maji kwa ubavu, si moja kwa moja kwenye nafasi zile. Sakafu ikikauka kabisa, mwaga mchanga mkavu na uufagie uingie tena.

Nipake sakafu rangi?

Nilipaka. Rangi nyekundu ya tofali, ndoo mbili, siku mbili za kupiga magoti. Ilipendeza kwa msimu mmoja. Mvua ziliponyesha, unyevu ukapanda kutoka ardhini, rangi ikavimba malengelenge, ikaanza kubanduka kwa mapande yaliyonata kwenye viatu na kuingia nayo sebuleni. Kuiondoa kulinichukua muda mrefu kuliko kuipaka.

Tatizo halikuwa rangi. Sakafu iliyolala juu ya ardhi hupumua unyevu, na rangi inaziba njia yake. Kama bado unataka kujaribu, pima kwanza. Chukua kipande cha nailoni cha sentimita 45 kila upande, kigandishe kwenye sakafu kwa utepe wa kunata pande zote nne, ukiache kwa saa 16 au usiku mzima na zaidi. Ukikifunua ukakuta matone chini yake, au saruji imekuwa nyeusi kuliko ya pembeni, hifadhi pesa yako. Zege jipya lisubiri angalau siku 28.

Kipimo kikikubali, usipake ua wote. Paka eneo dogo tu kama mkeka chini ya viti, mistatili miwili mitatu au pembetatu zinazopishana. Tumia rangi ya sakafu, si ya ukuta, na changanya ndani yake mchanga laini uliochekechwa ili mtu asiteleze ikilowa. Sakafu inaweza kuwa pambo lenyewe: njia ya waenda kwa miguu ya Copacabana, Rio de Janeiro, iliyosanifiwa upya na msanifu bustani wa Brazili, Roberto Burle Marx, mwaka 1970, ina mawimbi ya mawe meusi na meupe, na watu husafiri kwenda kuipiga picha. Lakini yale ni mawe. Hayabanduki.

Basi kuta?

Hapo ndipo pesa ya rangi inapozaa. Ukuta haukanyagwi, haulali na maji, na ukiwa umekaa unauona wote, wakati sakafu unaiona kwa ubavu tu. Kama ua una ukuta mmoja mrefu uliofifia, upake huo kabla ya kununua hata mche mmoja. Luis Barragán, msanifu majengo wa Meksiko aliyepata Tuzo ya Pritzker ya usanifu majengo mwaka 1980, alijenga nyua zenye karibu vitu vitatu tu: sakafu, mti na ukuta uliopakwa waridi kali au rangi ya chungwa. Mti wa kawaida kabisa ukisimama mbele ya ukuta wa namna hiyo unakuwa picha.

Rangi ya bei nafuu kuliko zote ni chokaa. Iloweke kwenye maji usiku kucha, ichuje, izimue iwe nyepesi kama maziwa, lowesha ukuta, kisha paka koti jembamba. Utadhani hujapaka kitu, maana ikiwa mbichi inaonekana kama maji machafu. Inapokauka ndipo weupe unatoka, na unaendelea kukaza siku zinazofuata kwa kuvuta hewa ukaa. Paka makoti matatu au zaidi, membamba yote. Ukipaka zito linapasuka na kudondoka. Chokaa inaunguza ngozi na ni hatari zaidi kwa macho, kwa hiyo vaa glavu na miwani. Tena haishiki juu ya ukuta uliokwisha kupakwa rangi ya plastiki.

Ukuta mweupe una faida ya pili: unarudisha mwanga kwenye kona yenye giza. Ubaya wake ni kwamba ukielekeana na jua la alasiri unaumiza macho. Huo upake rangi iliyopoa kidogo, ya udongo au ya mchanga.

Vyungu vingi vidogo au vichache vikubwa?

Vichache vikubwa, hata kama vinaonekana ghali mwanzoni. Kwenye ua mkubwa chungu kidogo ni kama kitufe kilichodondoka. Lakini sababu ya maana zaidi ni maji. Chukua lita 20 za udongo. Zikiwa kwenye ndoo moja zinakaa na unyevu siku kadhaa. Zigawe kwenye makopo 10 ya lita mbili mbili, na eneo la nje linalopigwa na jua na upepo linaongezeka zaidi ya mara mbili. Ni udongo uleule na jua lilelile, ila makopo yatakudai maji asubuhi na jioni. Ukisafiri siku mbili utarudi kukuta vijiti.

Na saruji inazidisha. Mchana inameza joto, usiku inalirudisha polepole, kwa hiyo chungu kilichokaa juu yake kinapikwa kutoka pande zote. Inua vyungu kwa vipande vya tofali au vigae vilivyovunjika, sentimita mbili tatu tu, hewa ipite chini na maji yatoke bila kuacha duara la kutu au la kijani kwenye sakafu. Vyungu vyeusi vya plastiki viweke nyuma ya vingine, au vipake rangi nyepesi.

Vyungu vikubwa siviwezi. Nitumie nini badala yake?

Chochote kinachobeba udongo na kinachoweza kutobolewa chini. Ndoo za rangi za lita 20 ndizo nizipendazo: mafundi ujenzi huzitupa, zina mkono wa kubebea, na zinadumu. Zioshe vizuri, toboa matundu matano sita yenye upana wa kidole chini, kisha zipake zote rangi moja. Hilo la rangi moja usilipuuze. Ndoo saba za rangi saba zinaonekana kama takataka zilizopangwa, lakini ukizipaka zote rangi moja watu watakuuliza ulizinunua wapi. Beseni lililopasuka, sinki la zamani, pipa lililokatwa nusu na magunia ya nailoni yaliyokunjwa mdomo, vyote vinafaa.

Paleti za mbao zitazame kwanza muhuri. Herufi HT zinaonyesha mbao zilitibiwa kwa joto, na hizo hazina shida. MB ni methili bromidi, dawa yenye sumu, ziache. Matairi yana ugomvi wake. Ni ya bure, lakini maji ya mvua yanatuama ndani ya mdomo wake na mbu wanazaliana humo, kwa hiyo yatoboe kwa chini kabla hujaweka udongo. Mimi huyatumia kwa maua tu, siyo kwa mboga.

Vyungu vya udongo wa kuchoma ni vizuri kuliko vyote kwa macho, ila maji yanatoka hadi kupitia kuta zake. Na kwenye nchi zenye baridi ya kugandisha, maji yaliyo ndani ya kuta hizo yakiganda yanavipasua.

Nijaze udongo gani, na kokoto chini ziwekwe?

Kama kuna mahali pa kutobana matumizi, ni hapa. Mche mdogo kwenye udongo mzuri utaupita mche mkubwa uliopandwa kwenye udongo wa kifusi, na hautachelewa. Udongo mtupu wa shambani ukiwekwa ndani ya chungu unashindiliwa na maji hadi unakuwa kama tofali, mizizi inakosa hewa. Mimi huchanganya sehemu mbili za udongo, sehemu moja ya mboji iliyoiva au samadi iliyokaa muda mrefu, na sehemu moja ya mchanga mkavu wa chembe kubwa. Chukua konzi ya mchanganyiko huo ukiwa na unyevu, ukaze mkononi, kisha ufungue. Ukibaki donge gumu, ongeza mchanga na mboji. Ukibaki donge linalobomoka kwa kuguswa na kidole, umepata.

Kokoto chini ya chungu ni ushauri wa zamani unaopendwa sana na usio na faida. Maji hayaruki kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo ule ujae kabisa, hivyo unachofanya ni kuisogeza sehemu ya tope juu, karibu na mizizi. Weka kipande cha wavu au kigae juu ya tundu ili udongo usitoke, basi. Mboji tengeneza mwenyewe kwa majani makavu na maganda ya jikoni, kwenye pipa lenye matundu kwenye kona isiyoonekana.

Mimea ipi haitakufa juu ya saruji yenye joto?

Penye jua kali, bogenvilia haina mpinzani. Ile rangi siyo maua, ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kijineli kidogo cheupe katikati. Inachanua vizuri zaidi mizizi ikiwa imebanwa na ikionjeshwa kiu kidogo, kwa hiyo chungu kinaifaa kuliko inavyodhaniwa. Wanaoimwagilia kila siku hupata majani mengi ya kijani na manung'uniko. Mshubiri, sanseveria (ule mmea wa majani magumu yaliyosimama kama panga), portulaka na vinka hustahimili joto bila kulalamika. Zinia, marigoldi na kosmosi hupandwa kwa mbegu na hujaza nafasi upesi.

Kivulini panda koleusi, ambayo huleta rangi kwa majani yake bila kungoja msimu wa maua, pamoja na jamii ya kangaga (fern). Mrehani, asumini au waridi weka karibu na kiti au mlango, harufu yake iwafikie watu.

Sehemu zenye majira ya baridi, bogenvilia na wenzake wa nchi joto waingizwe ndani au wahesabiwe kuwa wa msimu mmoja. Mmea wa kudumu hapo utafute miongoni mwa ile unayoiona ikimea nje kwa majirani bila kubembelezwa.

Na uwe na mmea mmoja mrefu. Kitu kinachozidi kimo cha mtu kwenye chungu kikubwa, hata kimoja tu, kinaugawa ule uwazi. Bila hicho kila kitu kinabaki chini ya goti na ua unabaki bapa.

Naweza kupata mimea bila kununua?

Mingi tu. Omba tawi kwa jirani, watu wenye maua ni wakarimu kuliko unavyodhani. Tawi la koleusi la urefu wa kiganja likiwekwa kwenye glasi ya maji linatoa mizizi ndani ya wiki moja au mbili. Jeraniamu kata sentimita 10 chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini, acha kidonda kikauke siku moja, ndipo uchomeke kwenye mchanga wenye unyevu. Mimea ya majani manene iache siku kadhaa zaidi, la sivyo inaoza.

Sanseveria inagawanywa kwa kisu kwenye shina lake la chini ya udongo. Unaweza pia kukata jani vipande na kuvichomeka, ila kuna mtego: ile yenye kingo za njano ukiizalisha kwa vipande vya jani, watoto wanatoka kijani kitupu. Ukitaka njano ibaki, gawanya shina. Niliusubiri mche mmoja miezi kadhaa kabla sijalijua hilo.

Zinia inaota ndani ya siku 4 hadi 7 kukiwa na joto, na baada ya miezi miwili hivi inachanua. Kata maua yaliyonyauka ili itoe mengine, lakini mwishoni acha machache yakauke kwenye shina. Hizo ndizo mbegu zako za mwakani.

Naweza kung'oa vitofali vichache nipande ardhini?

Ndiyo, na kwa pesa utakayotumia ni vigumu kupata faida kubwa kuliko hiyo, maana mmea wenye mizizi ardhini hukudai maji kidogo. Kitofali cha kwanza ndicho kigumu. Kwangua mchanga pande zote nne, ingiza bisibisi mbili bapa kwenye pande zinazotazamana, ukikitikisa kidogo kidogo mpaka kiinuke. Vinavyofuata vinatoka kwa mkono. Toa vinne hadi tisa kwa pamoja; shimo la kitofali kimoja halitoshi.

Chini utakuta mchanga na kokoto zilizoshindiliwa. Zote zitoke, kina cha sentimita 40 hivi, kisha jaza shimo maji. Kama asubuhi bado yametuama, tafuta mahali pengine. Kabla ya kuchimba jua mabomba na nyaya zimepita wapi, na kaa mbali na msingi wa nyumba. Ukimaliza, zungushia ukingo wa saruji kidogo, la sivyo vitofali vya pembeni vitaanza kulegea kimoja kimoja. Udongo ulio karibu na saruji huwa na chokaa, hivyo mimea inayopenda tindikali kama azalea na kamelia haitafurahi hapo.

Kwa zege la kumwaga, jenga tuta la matofali juu yake lisilo na sakafu, ukiacha mianya chini ya kupitisha maji. Ila fikiria uzito. Tuta la mita moja ya mraba lenye kina cha sentimita 40 ni lita 400 za udongo, na likilowa linazidi kilo 600. Usilijenge juu ya shimo la maji taka wala juu ya paa.

Kumwagilia kutanimaliza. Nifanyeje?

Ukivikusanya vyungu umeshapunguza nusu ya safari. Mwagilia asubuhi na mapema, mpaka maji yatoke chini, kisha acha hadi udongo ukauke kina cha kidole. Kunyunyiza kidogo kila siku kunafundisha mizizi kukaa juu, mahali panapokauka kwanza. Tandaza majani makavu au kokoto ndogo juu ya udongo kuzuia jua. Kwa vyungu vilivyotundikwa ukutani, funga kopo kwenye ncha ya mti mrefu, uchote maji na kumimina kutoka chini bila ngazi.

Sakafu yenyewe ni mtego wa maji. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 10 kwenye ua wa mita za mraba 120 ni lita 1,200 zinazokimbilia mtaroni. Maji ya paa ni masafi zaidi, yakinge kwenye pipa lenye kifuniko.

Sahani za chini ya vyungu zimwage kila wiki. Mbu wa Aedes, wale wanaoeneza homa ya dengi, hutaga kwenye vyombo hivyohivyo, na kwenye joto yai linakuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10.

Nichague maua ya rangi gani?

Inategemea unakaa nje saa ngapi. Mwanasayansi wa Kicheki Jan Evangelista Purkyně aligundua mwanzoni mwa karne ya 19 kwamba mwanga unapofifia jicho linapoteza wekundu kwanza: ua jekundu linalowaka mchana linakuwa jeusi jioni, wakati buluu inabaki. Kama unarudi nyumbani jua likizama, hilo bustani lako la maua mekundu hutaliona kamwe. Panda nyeupe, njano iliyopauka na majani yenye mabaka meupe. Mchana wa jua kali ni kinyume: nyeupe inafifia, nyekundu na chungwa zinasimama.

Rangi mbili au tatu zinatosha, zirudierudie.

Taa za sola zinafaa?

Zinafaa kama paneli yake inapata jua la moja kwa moja. Chini ya mti hazina maana. Nunua zile ambazo betri yake inafunguka. Nyingi zinazotupwa baada ya mwaka mmoja au miwili zina shida ya betri tu, ile ndogo ya kuchaji, na ukiibadilisha zinawaka tena. Chagua mwanga wa njano, karibu na 2700 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), na uelekeze kwenye ukuta au nyuma ya mmea, si usoni mwa aliyekaa. Taa chache kwenye kona moja, kama vyungu. Umeme wa nyumbani mwachie fundi.

Hakuna kivuli kabisa. Mwavuli ni ghali.

Turubai au kitambaa kizito cha pembe tatu, kamba imara na ndoano tatu zilizofungwa vizuri ukutani au kwenye nguzo. Kona moja iwe chini kuliko nyingine ili maji ya mvua yateremke, la sivyo yatajaa katikati na kuzing'oa ndoano. Upepo mkali ukija, ishushe. Nguzo zisimamishe kwenye ndoo zilizojazwa zege kama huwezi kuchimba. Wakati huohuo panda mmea wa kutambaa kwenye chanja pembeni. Baada ya misimu michache turubai hutaihitaji.

Nimepanga nyumba. Nitumie pesa kwa ua wa mwenye nyumba?

Tumia kwa vitu vinavyobebeka tu: ndoo, taa, turubai, mimea ya vyunguni. Kuhusu chokaa ya ukuta muulize kwanza. Wengi hukubali, maana ni ukuta wao unaopendeza.

Magugu kati ya vitofali?

Maji yanayochemka, mara mbili tatu, na kisu cha zamani. Chumvi usimwage. Inaua gugu kweli, lakini inabaki kwenye udongo, inasafiri na maji hadi kwenye mimea yako, na kama kuna nondo ndani ya zege inaziozesha.

Kuna ufa mrefu katikati ya zege. Niuzibe?

Kwanza ujue kama unatembea. Weka alama ya penseli kwenye kila ncha ya ufa na uandike tarehe pembeni. Ukirefuka, au upande mmoja ukapanda juu ya mwingine, mwite fundi atazame kilicho chini. Ukitulia miezi kadhaa, unaweza kuuziba kwa saruji, ingawa kiraka kitaonekana daima.

Wangu ulikuwa na upana wa vidole viwili, ukikatiza kutoka mlangoni hadi karibu na bomba. Niliukwangua, nikaujaza mchanga uliochanganywa na mboji, nikadondosha mbegu za portulaka. Mbegu zake ni ndogo kama baruti, usizifukie. Zibonyeze tu kwa kiganja na uzinyunyizie maji. Maua hufunguka jua likipanda na kufunga jua likiondoka, mstari wote kwa pamoja. Ni vizuri kumwambia mgeni aruke pale.